Viatu Mlangoni kwa Kina Tonkla

Shoga Waew, nizike leo leo!

Si unajua Tonkla wangu alinialika kwao Chanthaburi nikamwone mama yake? Nikawahi kufika, nikajizungusha kwenye maduka ya kale kando ya mto, aiskrimu ya duriani mkononi.

Nikaona nyumba kuukuu ya mbao, viatu vimejaa mlangoni. Nikajua makumbusho hayo! Nikavua vyangu, nikaingia.

Nikapiga picha mpaka madhabahu ya mababu. Bibi mmoja anamenya shokishoki, nami namwambia, "Mmepapamba, ila vumbi, mama!" VUMBI, shoga!

Nikauliza, "Kiingilio bei gani?"

Tonkla huyo, katokea jikoni na ukoo mzima, anamwambia yule bibi, "Mama, ndiye huyu..."

Mama akanitazama kuanzia miguuni. "Kuingia bure, mwanangu. Kuolewa humu ndiko kwenye kazi."