Neno la daktari kando ya kitanda

Shoga, soma hii peke yako. Nimetoka wodini sasa hivi.

Daktari kaongea na kitinda mimba wangu kwa Kiingereza, mbele yangu, mzee wangu kafumba macho kitandani. Kasema wame-give up.

Give up, shoga! Juzi tu mjukuu kanifundisha. Ukitumia kwa sigara, umeziacha. Ukitumia kwa mgonjwa, umemkatia tamaa.

Wamemkatia tamaa mume wangu.

Nikajifanya sijui kitu. "Anasemaje, mwanangu?"

Akanigeukia. "Anasema baba anaendelea vizuri, mama. Tuvute subira tu."

Machozi yanamlenga, na bado ananitabasamia. Kweli nilizaa, shoga. Nikamwambia, "Mungu mkubwa," ili asijue kwamba najua.

Daktari alipoondoka, mzee akafumbua macho, akanishika mkono. "Umesikia, mama watoto? Naendelea vizuri."

Na huyu, shoga, ndiye aliyekuwa mkalimani wa mahakama mpaka anastaafu. Kiingereza ndicho kilichotulisha nyumba nzima.