Ugomvi wa Kujitakia

Jumatatu, 8 Februari 1965. Rongo.

Njugu hazijakauka. Nimezianika tangu asubuhi na kufukuza kuku mpaka mkono umechoka. Awuor anaota meno, anauma kila kitu, hata kamba ya kitanda.

Wageni tena. Sikumwalika hata mmoja. Nyumba yetu iko kando ya barabara na ndugu za mume wangu Ouma wote wana miguu. Akienda sokoni anapita kwangu, akitoka sokoni anapita kwangu. Kwetu Kehancha tulitembeleana pia, lakini mtu alikuwa na sababu.

Nampenda mmoja tu kati yao, wifi yangu Akinyi. Ameolewa hapo ng'ambo ya mto. Leo alikuja na viazi vitamu na mtoto wake Owino. Tukamenya, tukapika, tukala sufuriani, hata sahani hatukutafuta. Wengine wananiita nyar Kuria, binti wa Wakuria, kana kwamba sina jina. Akinyi ananiita Boke. Ananisemesha Kiswahili alichojifunza kwenye mashamba ya chai Kericho, na Kijaluo ananifundisha huku akinicheka. Awuor alizaliwa mikononi mwake.

Alhamisi, 11 Februari

Baba mdogo wa Ouma amefariki Homa Bay. Mazishi kesho. Ouma ni dereva wa lori la pamba, basi ameruhusiwa kulitumia, na ameahidi kubeba watu wote. Wote maana yake ni wote. Wazee, akina mama, watoto mgongoni, kuku. Wameimba mpaka lori likapotea kwenye vumbi. Akinyi na Owino wamo.

Mimi nimebaki. Awuor ana joto la meno. Wamenitazama vibaya. Potelea mbali. Nimelala mchana, mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Jumatatu, 22 Februari

Surua. Naliandika neno lenyewe nisije nikalizunguka.

Watoto watatu wamelala, nyumba tatu mbalimbali, na wote walikuwa kwenye lile lori. Wanasema kule matangani kulikuwa na mtoto mwenye macho mekundu, mama yake akasema ni moshi. Labda aliamini hivyo. Matangani moto haukosi.

Ochieng wangu alikufa kwa surua mwaka juzi. Alikuwa ameanza kukimbia. Leo siandiki zaidi.

Jumanne, 23 Februari

Zahanati. Dresa, mhudumu wa pale, ni kijana mpole. Anasema hana dawa ya surua yenyewe. Aliyeugua akapona haugui tena, kwa hiyo kwangu mimi hakuna shida, niliugua nikiwa mdogo. Wa kuogopewa ni Awuor. Asikae karibu na watoto wengine, hata wanaoonekana wazima, maana inaambukiza kabla vipele havijatoka.

Kisha akasema, kwa upole wake ule, "Mama, waambie tu wageni wasije kwa muda."

Nilicheka. Si mtu wa hapa.

Jumatano, 24 Februari

Wamekuja kwa makundi. Mtoto akiugua, kila mwanamke wa ukoo lazima aende kumwona, akae, ampe mama pole. Wakitoka kwa mgonjwa wa kwanza wanaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, kisha wanakuja kupumzika kwangu kwa sababu niko barabarani na chai yangu ina maziwa. Kila mmoja na mtoto mgongoni. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Hapo ndipo ninaposhindwa.

Nikasema naenda shambani. Wakasema watanisubiri. Nikasema Awuor amelala. Wakasema watamtazama akiwa amelala. Nikawaambia waziwazi kwamba dresa amekataza.

"Dresa ndiye atakayekuzika?" akauliza mmoja. Wote wakacheka. Nikamimina chai.

Awuor nilimfungia chumbani. Alilia mpaka wakaenda kumtoa wenyewe na kumpakata kwa zamu. Nilitamani kumpiga mtu.

Alhamisi, 25 Februari

Nimeona jambo na sina wa kumwambia.

Nyuma ya ua wetu wa minyaa anakaa Mama Peresi. Ana watoto sita, wote wazima, kelele kutwa. Zamani, kabla sijaolewa, fahali wao alimchoma pembe fahali wa baba mkwe, akafa. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu anayevuka ua ule, hata kuomba moto. Wao ni Wakatoliki, sisi ni Wasabato, kwa hiyo hata kanisani na shuleni hatukutani. Ningerusha jiwe lingeangukia jikoni kwake. Surua haijafika.

Lakini Ndhiwa imefika, mwendo wa siku nzima. Binamu ya Ouma ameolewa kule, na alikuwa mazishini.

Kwa hiyo haiendi kwa jirani. Inaenda kwa ndugu. Inapita palepale tunapopita sisi kupeana pole. Kwa watu waliokosana haina njia.

Nimeliwaza hili kutwa nzima, mpaka ugali ukaungua.

Ijumaa, 26 Februari

Akinyi ametuma salamu. Kesho baada ya kanisa atakuja kushinda nami. Amesikia wageni wamenichosha, anataka kunisaidia. Na Owino atakuja.

Owino alikuwa kwenye lori. Aliyeleta salamu anasema ana kikohozi kidogo, na macho yanamtoka machozi.

Siwezi kukaa chini. Nimezunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikimwambia Akinyi asije, atajua nina shida, atakuja mbio. Nikimwambia Ouma, atamwambia dada yake kabla jua halijatua. Hajawahi kutunza siri, hata ya zawadi. Wale wengine nimewaambia ukweli wakaucheka.

Anayeachwa kwa amani hapa ni Mama Peresi peke yake.

Lazima nigombane. Na lazima iwe na Akinyi. Nikigombana na mwingine yeyote, Akinyi ndiye atakayekuja kutupatanisha.

Jumamosi, 27 Februari

Nimefanya.

Sikuingia kanisani. Nilisubiri nje, mbali na watu, Awuor mgongoni. Nilikuwa nimeandaa kosa dogo. Ungo wangu aliuazima, hajaurudisha. Nilidhani ungo utatosha.

Akatoka, nikaanza. Akacheka. Akasema ungo utarudi, umejaa mtama. Akaja moja kwa moja kumchukua Awuor mgongoni kwangu, kama kawaida yake. Owino ameshika gauni lake. Macho mekundu kabisa.

Hofu ikanipanda, mdomo ukaenda wenyewe. Nilisema shida yangu si ungo, shida yangu ni yeye. Nilisema kila siku anakuja kunusa sufuria zangu kwa sababu kwa mume wake hakuna chakula. Nilisema kwa Kijaluo ili wote wasikie. Maneno yote alinifundisha yeye.

Watu wote uwanjani wakatutazama.

"Boke, mimi?" alisema.

Basi. Akambeba Owino, akaondoka. Hakugeuka.

Nilitafuta tusi dogo likatoka kubwa. Watu hapa wanasameheana hata fimbo. Kumwambia mtu anafuata chakula, sijui.

Jumatatu, 1 Machi

Hakuna aliyekuja. Jana hakuna, leo hakuna. Nilifagia ua asubuhi na jioni hii mistari ya ufagio bado ipo. Nimepata nilichotaka. Natoka chumbani naenda jikoni, natoka jikoni naenda barabarani, narudi. Nilipika chai ya watu wengi kwa mazoea. Nimeimwaga.

Ouma amerudi kutoka Migori. Habari zilimpokea njiani. Hakugusa chakula. "Umemfukuza dada yangu mbele ya kanisa?" Amekwenda kulala kwenye lori.

Kila nikipita karibu na Awuor namfungua mdomo, namtazama macho, nampapasa nyuma ya masikio. Wale wanawake wa juzi walimpakata. Huenda nimegombana nikiwa nimechelewa. Mtoto mwenyewe sasa akiniona nakuja anafumba mdomo.

Jumatano, 3 Machi

Owino ametoka vipele mwili mzima. Nimesikia watu wakisema barabarani. Hakuna aliyekuja kuniambia.

Kwanza nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimbana Awuor kifuani nikasema Owino angekuwa hapa, angelala kwenye kitanda hiki. Kisha nikaona aibu. Nikatoka nikalima mahali pasipo na cha kulima.

Jumapili, 7 Machi

Wote wamekwenda kumwona Owino. Wanapita hapa kwangu, hawasimami. Sauti zinapanda wakikaribia mlango. Mmoja amesema nina moyo wa jiwe. Laiti ungekuwa wa jiwe, ningelala.

Moto ulinizimikia. Hakuna nyumba ya kwenda kuomba. Nikasimama nyuma ya jiko kama mjinga. Mama Peresi aliniona kwenye pengo la ua.

"Umezoea kutengwa haraka," alisema. "Mimi ilinichukua miaka miwili."

Sikujua kama ananicheka. Akanipitishia kaa la moto kwenye kigae, juu ya minyaa, mkono hadi mkono. Nilimshukuru. Akasema hana shida, kwake wageni si wengi. Hapo tulicheka wote wawili. Niliona ajabu kusikia sauti yangu ikicheka.

Jumanne, 9 Machi

Surua imemshukia Owino kifuani. Hapumui vizuri. Ouma amewapeleka hospitali ya Homa Bay kwa lori, ameniambia akiwa amenipa mgongo. Akinyi yuko huko peke yake. Mume wake amebaki na watoto wakubwa, wanawake wengine kila mmoja sasa ana mgonjwa wake.

Aliyenishika mkono nikizaa yuko peke yake, na mtoto anahema. Niliyeyataka haya ni mimi.

Awuor siwezi kwenda naye kule. Kumwacha, nimwache wapi? Kila nyumba ya ukoo ina surua. Iliyobaki ni moja, na si ya ukoo.

Jumatano, 10 Machi

Nimevuka ua. Mchana kweupe, watu wakiona. Utomvu wa minyaa umeharibu gauni langu zuri. Nilimweka Awuor mikononi mwa Mama Peresi. Aliuliza kitu kimoja, "Uji anakunywa?" Kisha nikapanda basi.

Akinyi alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Amekonda. Owino macho yamegandamana, kifua kinapanda na kushuka. Nilisimama, nikasema yote kwa pumzi moja. Lori. Dresa. Minyaa. Kwamba ule ugomvi niliutengeneza. Kwamba sikumaanisha hata neno moja.

Alinisikiliza huku akimfuta Owino mdomo.

"Ungeniambia," alisema. "Ningekaa kwangu."

Nikasema wengine niliwaambia, hawakusikia.

"Mimi ni wengine?"

Nikachota maji, nikafua nguo za mtoto, nikazianika. Nilipoaga aliitikia kwa kichwa tu. Kwenye basi nililia bila kujificha, na mama mmoja nisiyemjua akanipa pole. Alidhani nimefiwa.

Niliporudi nilioga, nikabadilisha nguo kabla sijamshika Awuor. Alikuwa ameshiba, amelala katikati ya watoto sita.

Alhamisi, 18 Machi

Owino anapumua. Ameomba uji mwenyewe. Wanarudi nyumbani kesho. Nimeketi chini pale pale niliposikia.

Awuor hana hata kipele kimoja.

Baba mkwe ameniita kuhusu Mama Peresi. Nimekemewa kwa muda mrefu, fahali ametajwa kwa jina lake. Nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Ouma sasa anajua yote. Amesema hata yeye ningemwambia. Nikamjibu kwamba angetangaza kabla jua halijatua. Alitaka kukasirika, akacheka. Amekula.

Jumapili, 4 Aprili

Mvua imeanza vizuri. Watu wanapanda. Surua imekwisha huku kwetu. Wageni wameanza kupita tena, mmojammoja.

Leo amekuja Akinyi. Nilisikia hodi nikaijua sauti. Amerudisha ungo, umeoshwa, umekauka. Owino ni mifupa, lakini anakimbia. Walikaa na Awuor chini, wakaugombania ungo, wakaupindua, wakaingia ndani yake. Tulizungumza kuhusu mbegu, na shamba lake la karibu na mto ambalo maji yamelichukua. Nilikosea neno la Kijaluo, akacheka, akanisahihisha. Nilifurahi sana. Nilitamani kukosea tena.

Nilikuwa nimepika viazi vitamu. Nikaleta sufuria, nikaiweka katikati yetu, bila sahani.

"Ahsante, Mama Awuor," alisema. "Nimekula nyumbani."

Owino alinyoosha mkono. Akinyi akaushika, taratibu, akampakata.

Tuliendelea kuzungumza. Mvua ilipopungua waliaga. Niliwasindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikafunika sufuria.