Chupa Zote Ziliandikwa "Ndama"

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Gongo la Mboto sie wazima, ila babu yako analalamikia magoti.

Unauliza kwa nini vimeng'enya kwenye chembe za damu za ndama mnaowapima huko maabara vinapishana, ilhali wanakula chakula kimoja. Enzi za Ujamaa nilipokuwa napima damu kwenye maabara ya mifugo, tuliletewa chupa za damu zilizoandikwa "ndama" tu, na ndama wawili walitoa vipimo vya juu kuliko wenzao. Daktari akaona ni wagonjwa, akaagiza wachinjwe wasije wakaambukiza kundi. Kisha akaenda zizini kuwaangalia, akawakuta wananyonya.

"Mbona hukusema hawa wachanga?" akamuuliza mchungaji.

"Mliomba ndama, daktari. Hata yule mwenye pembe ni ndama. Si mama yake yule pale?"

Vimeng'enya vile huwa juu kwa mnyama mchanga, hushuka kadiri anavyokua. Kwa hiyo ulizeni umri kwanza, ndipo muilaumu mashine.

Mchinjaji alikuwa ameshafika getini na kisu chake. Tulimpa chai, akanywa, akaenda zake.

Bibi yako