Vitufe Vitatu Chini ya Makala

Jumanne, 10 Juni

Kidonge saa kumi na mbili na nusu, kabla ya chai. Chai ya rangi, maziwa yameganda. Siku ya mia mbili na nane bila kuanguka.

Kuna maoni mapya kwenye blogu. Ajabu. Blogu ina wasomaji kumi na mmoja, mmoja wao ni mdogo wangu Awino, mwingine ni mimi nikitafuta makosa. Huyu ni mama mmoja wa Usenge. Binti yake ana kifafa kama mimi. Amesoma ile makala ya "Nikianguka, Fanya Hivi", anataka kumtumia shemeji yake, lakini kunakili kiungo kwenye simu hajui. Ameandika: Mwalimu, tuwekee zile alama za kubonyeza ndio watu washee.

Huko najiita Mwalimu Fulani. Jina langu halipo. Nafundisha kemia Kisian mwaka wa nne sasa na shuleni hakuna anayejua. Mara zote nilizoanguka nilikuwa nyumbani hapa Mamboleo, mbele ya Awino. Bahati tu. Najua ni bahati.

Nitaziweka. Naogopa kidogo. Sijui naogopa nini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeviweka. Vitufe vitatu chini ya kila makala: kijani, buluu, cheusi. Jaribio la kwanza lilinipa vya kijani vinne, na cheusi kimoja katikati ya sentensi. Awino akaninyang'anya laptopu. "Sista, hii ni kitu ya dakika tano." Ilimchukua saa nzima. Nilifurahi.

Akabonyeza cha kijani kuona kama kinafanya kazi. Akamtumia rafiki yake wa chuo. Mmoja tu. Nilitaka kumwambia ngoja kwanza. Alikuwa ameshabonyeza.

Jumamosi, 14 Juni

Jana wasomaji mia tatu. Leo asubuhi mia tisa. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Saa sita Awino akaniletea simu yake. Makala imemrudia kutoka kwa mtu asiyemjua. Juu ya kiungo kuna picha. Sikuiweka mimi hapo. Kumbe kitufe kinajichukulia picha ya kwanza kinayokuta kwenye ukurasa, na ya kwanza ni koti langu la maabara, limetundikwa dirishani. Koti lenye tundu la asidi mfukoni. Nje ya dirisha, tangi la maji la shule na kilima nyuma yake. Niliipiga kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Mjinga mimi.

Nimeifuta. Nimefuta picha zote, hata za maua. Haisaidii. Zilizokwisha kutumwa zimebaki kwenye simu za watu, na huko sina mkono wa kufika.

Sijala.

Jumatatu, 16 Juni

Imefika kwenye grupu la walimu.

Mapumziko ya saa nne. Bwana Odero wa fizikia aliinua simu. "Hii si lab yetu? Angalieni hiyo tangi." Wote wakasogea. Nami nikasogea, maana ningebaki kwenye kiti ningeonekana. Nilitazama koti langu kama kitu cha mtu mwingine.

Madam Nekesa, naibu wa mwalimu mkuu, akasema hawezi kukubali mtu kama huyo karibu na gesi na watoto wa wenyewe. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anaogopa, kama mimi.

Kisha sauti mlangoni. Mzee Ouma, fundi wa maabara. Amenifulia koti hilo miaka minne. Tundu lile analijua kuliko mimi. "Lab zote zinafanana," akasema, akachukua chai yake akaenda.

Baada ya vipindi nilikuta koti halipo msumarini. Amelificha stoo, chini ya masanduku ya mirija. Hakuniambia. Nilikaa kwenye stuli pale stoo hadi kengele ya jioni.

Jumanne, 17 Juni

Mama amepiga simu kutoka Seme. Shangazi ametumiwa ile makala na watu wa kanisa. Jina halimo, lakini Mama hahitaji jina.

"Adhiambo, umetuanika."

Watu wa upande wa Oduor, mchumba wa Awino, wanakuja Agosti kumposa. Wakisikia kuna ndulme, kifafa, kwetu hawatakuja. Mama hilo neno hajawahi kulitamka mbele yangu. Hata leo alisema "hiyo kitu". Akakata simu kabla sijajibu.

Awino anasema Oduor anajua tangu mwanzo. Labda. Mama yake Oduor je? Nimemharibia mdogo wangu maisha kwa ajili ya kitufe.

Jumatano, 18 Juni

Nimelala saa mbili tu. Kwa mtu kama mimi kukosa usingizi si uchovu, ni hatari. Naogopa kulala kwa sababu ya kuwaza, kisha naogopa kwa sababu sikulala. Inazunguka.

Karatasi kwenye dawati langu: Mwalimu Mkuu anataka kuniona Ijumaa, saa tatu.

Nilifungua blogu niifute yote. Nikafika mahali inapouliza kama nina hakika. Hapo nikaona maoni mapya ya yule mama wa Usenge. Shemeji yake ndiye anayeshika mambo ya nyumba yao. Alikuwa amepanga kumpeleka mtoto kwa mtu wa maombi anayewafunga wagonjwa kamba. Amesoma. Sasa wanaenda kliniki.

Chini yake mtu mwingine: Hawa watu wakae kwao.

Sikuifuta. Si ushujaa. Niliogopa kufuta kama nilivyoogopa kuacha.

Ijumaa, 20 Juni

Mwalimu Mkuu aliniuliza mara moja tu. "Ni wewe?"

Nikasema ni mimi. Miaka minne, na ilihitaji maneno mawili.

Hakunifukuza. Ningeweza kumchukia kama angenifukuza. Alivua miwani, akaanza kuniuliza maswali ambayo nimeyakimbia miaka yote. "Wasichana arobaini, Mwalimu. Gesi imewaka. Ukianguka, nani azime?" Mzee Ouma huwa stoo, na miaka yote minne hakujua kama kuna cha kungojea. Sikumpa nafasi ya kujua.

Maabara marufuku kwangu mpaka nilete barua ya daktari. Darasani naruhusiwa, chaki na ubao. Walimu wataambiwa Jumatatu mchana.

Nilidhani nitatoka mwepesi. Nimetoka na aibu nyingine, mpya. Ile ya zamani ilikuwa ya ugonjwa. Hii ni yangu mwenyewe.

Jumanne, 24 Juni

Jana nimeanguka. Mbele ya darasa.

Naandika polepole. Ulimi umevimba, bega la kushoto linauma.

Ninachokumbuka: Kidato cha Tatu, kipindi cha pili, naandika mlinganyo ubaoni. Harufu ya mpira ulioungua. Ile harufu huja kabla. Nilijua. Niligeuka niwaambie, mdomo ukakataa.

Yaliyofuata nimeambiwa. Nimeyaogopa tangu nikiwa na miaka kumi na nne: watoto wakipiga kelele, wakikimbilia mlango, mtu akinitia kijiko mdomoni, sketi imepanda, wote wanaona.

Kelele zilikuwepo. Wawili walikimbia. Kisha Beryl, yule mkimya wa dirishani ambaye sijawahi kumsikia akijibu swali, alisimama akasema, "Msimshike. Sogezeni viti." Akaniwekea sweta yake chini ya kichwa. Mwingine akatazama saa ya ukutani. Mtu akaleta kijiko kutoka kwenye mkebe wa chakula, Beryl akakataa: "Hapana, hakuna kitu ya mdomo." Mtetemeko ulipoisha wakanilaza kwa ubavu. Wakanifunika leso. Dakika mbili na nusu. Waliziandika ubaoni, chini ya mlinganyo wangu.

Nilipofungua macho Mzee Ouma alikuwa amepiga magoti. Alikuwa analia, mtu mzima. Nikamuuliza Beryl alijulia wapi. Akaniangalia kama swali la kijinga. Mama yake alitumiwa ile makala kwenye grupu la wazazi. Beryl ameisoma mara mbili.

"Sikujua ni wewe, Mwalimu," akasema.

Siku ya kwanza, basi. Naanza kuhesabu upya.

Bado naogopa. Na kama ingekuwa maabara? Mwalimu Mkuu alikuwa na haki.

Jumapili, 29 Juni

Mama amekuja bila kusema anakuja. Amebeba omena na mtama uliosagwa. Hakutaja ile simu yake. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Watu wa Oduor hawajasema kitu. Huenda waje, huenda wasije. Awino anajifanya hajali. Barua ya daktari nitaipata Alhamisi. Maabara bado si yangu.

Baada ya chakula Mama akaketi karibu nami. Akatazama mikono yake. Akasema alikuwa na dada, mkubwa wake. Sikujua. Nina miaka thelathini na moja, sikujua.

Walikuwa wanafua ziwani, wawili tu, maji ya magotini. Dada akaanguka. Mama alikuwa na miaka tisa. Alijua ni nini, alikuwa ameiona nyumbani, lakini walikuwa wameambiwa asiguswe mtu akiwa hivyo. Basi hakumgusa. Alisimama pale na nguo mkononi. Nyumbani wakasema maji yamemchukua, na habari ikaishia hapo.

"Maji ya magoti, Adhiambo," akasema. "Ningemgeuza tu."

Nikamuuliza jina.

Anyango. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Sasa Mama amelala kwenye kochi. Alisinzia na viatu miguuni. Mvua inanyesha kidogo. Nimemvua viatu, nimemfunika shuka.