Tulichagua Feni Yenye Kelele

Jumapili, jioni. Joto la mchana bado limo ndani ya kuta, na mawingu yaliyojazana upande wa ziwa hayajafika huku Nsambya.

Nimeketi kitandani na daftari langu, chini ya feni. Feni imezimwa.

Chumba chetu kina joto kwa sababu tunalala madirisha yakiwa yamefungwa. Tunayafunga kwa hofu ile ile inayowafanya watu wote wa mji huu wafunge yao. Ijumaa, basi, nikamwambia mke wangu, Miriamu, twende tukanunue feni ya dari. Nilisema ni kwa ajili ya joto. Miriamu akajifunga kitambaa kichwani. Sababu yenyewe aliijua kama mimi.

Ukweli ni komeo la mlango wa jirani.

Tunaishi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa kuwa Miriamu ni mpiga chapa katika ofisi yao. Ni safu ya nyumba nne chini ya bati moja. Kuta zinaishia kwenye mbao za dari. Juu ya mbao hizo ni uwazi mtupu, na boriti zinapita kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Jirani akikohoa, unataka kumwambia pole.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mama Akello. Mumewe alikuwa karani wa reli, mtu wa kaskazini, mpole. Kabla ya mvua zilizopita walikuja watu wenye miwani myeusi, wakamtia kwenye buti ya gari na kuondoka naye. Gazeti letu, ambako mimi ni mwandishi, halikuandika neno. Hakuna aliyenikataza, kwa sababu sikumpa mtu nafasi ya kunikataza.

Tangu hapo, kila usiku Mama Akello huketi kwenye kiti karibu na mlango wake. Gari likipita, komeo linafunguliwa. Kimya. Kisha komeo linafungwa. Gari lingine, komeo tena.

Kazini nimesimama karibu na maiti nikaandika majina yao hadi la mwisho. Komeo lile limenishinda.

Duka lipo karibu na Kisenyi. Lilikuwa la Mhindi, kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini. Sasa ni la mke wa sajini, tunamwita Hajati. Feni zilining'inia darini, naye akatuwashia moja moja kwa kubonyeza swichi ukutani.

"Hii haisemi kitu, bwana. Mtoto analala chini yake mpaka asubuhi."

Ilikuwa feni nzuri. Ilizunguka kama haipo.

"Na ile ya pembeni?" nikauliza.

Hajati akacheka. "Ile? Ile inanguruma kama lori ya jeshi! Hapana, nyinyi watu wa heshima."

"Iwashe."

Akaiwasha. Ikatikisika, ikaguna, kisha ikashika mngurumo mmoja usiokatika. Miriamu aliitazama kwa muda. "Hiyo," akasema.

"Ehe!" Hajati akapiga makofi. "Nyinyi bado bibi na bwana arusi? Hamtaki jirani asikie?"

Tukacheka wote watatu. Kicheko kilitusaidia, hakuna aliyelazimika kusema kwamba sisi ndio tusiotaka kumsikia jirani. Kisha, akiifunga kwa magazeti ya zamani, Hajati akasema kwa sauti ya chini, kama anayesema na meza: "Siku hizi ya kimya inabaki hapa dukani. Ya kelele ndiyo inaisha."

Nikalipa, nikaibeba.

Jana asubuhi fundi aliitundika kwenye boriti. Usiku wa jana tulilala. Sikusikia gari, sikusikia komeo. Niliamka nikiwa mwepesi, na nilipokuwa nanyoa ndevu nilikuwa napiga mluzi. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli.

Leo asubuhi nilimkuta Mama Akello bombani. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko kawaida. Aliweka ndoo chini, akapiga goti kidogo kama anavyosalimia watu wote.

"Jirani, ile mashine yenu nasikia ni mzuri. Ina nguvu."

"Ni joto, mama."

"Ndiyo, joto ni mingi." Akafuta mdomo wa ndoo kwa kiganja. "Samahani, ndugu yangu. Usiku unaweza zima? Kidogo tu. Inatetemesha juu mpaka kwetu, sisikii mlango. Baba Akello yeye hagongi na nguvu, unamjua. Akigonga mimi nikose kusikia, atasema labda sisi tulihama."

Kwa miaka nimewacheka wakubwa wanaojibu swali la mwandishi kwa neno moja lisilo na maana.

"Tutaona," nikamwambia.

Akanishukuru. Akajitwika ndoo, akaenda.

Mchana kutwa nimejitetea kichwani. Kwamba mumewe harudi, na mimi ninajua hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Kwamba usingizi si dhambi. Kila hoja ni sahihi, na hakuna hata moja ninayoweza kuisema mbele yake pale bombani.

Jioni hii Miriamu aliwasha feni. Nikainuka nikazima. Akanitazama. Nikamweleza aliyoyasema Mama Akello.

"Na wewe ulimjibu nini?"

Nikamwambia. Akageukia ukuta.

Haitawashwa tena usiku, hilo nimeamua. Lililobaki ni la kesho, pale bombani. Naweza kumwambia feni imeharibika, naye atasema pole, na nitabaki jirani mwema. Au nimwambie tuliinunua kwa ajili gani.

Gari linapanda mlima. Miriamu ameacha kupumua kwa sauti, nami nimeinua kalamu.

Komeo limefunguliwa.

Tunasikiliza pamoja naye.