Gego la Chiriku

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini mgongo umepoa na kazi haikukamui sana. Sisi hatujambo, Mama anakula, analala na anagombana na redio, kwa hiyo ujue ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na leo nataka kumaliza.

Ni habari ya jino la mwanao. Uliposikia Chiriku halali kwa maumivu, ulisema hilo ni la utoto, ling'olewe, litaota jingine. Hata mimi niliamini hivyo, maana hajafikisha miaka saba. Nikampeleka kwa daktari wa meno nikiwa nimejiandaa kumshika mikono.

Daktari akamulika, akaniita nichungulie mwenyewe. Akanieleza kwamba gego lile la nyuma huota kimyakimya, bila jino jingine kung'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi hulidhania la utoto. Kumbe ni la ukubwani. Likitoka, ndiyo basi. Tundu lilikuwa bado dogo, linazibika.

Nikamwambia azibe. Ndiyo, kaka, nimekaidi amri yako, na ningekaidi tena. Chiriku, aliyeongea mfululizo tangu mlangoni, akabana mdomo kabisa. Daktari akampa kioo cha mkononi asimamie kazi isiharibiwe. Akaachama papo hapo, maana kwa kupenda kusimamia watu amekurithi wewe.

Sasa nyumbani kuna sheria. Asubuhi na kabla ya kulala anapiga mswaki mwenyewe, kisha analaza kichwa mapajani mwangu, kando ya cherehani penye mwanga, namalizia kule nyuma. Daktari alisema asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake asiachiwe mswaki peke yake. Basi juzi kaja na viatu vyenye mafundo ya kutisha, anadai uhuru wake. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano, lakini mswaki nilimalizia. Biskuti za kitandani nimezipiga marufuku. Alinuna, akanuna tena, sasa kazoea.

Nilipomwambia Mama nimekataa kung'oa, nilitarajia anigombeze, kwani neno lako kwake halipingwi. Akazima redio. Akaniambia lile pengo lako la kushoto, linalokufanya utafune upande mmoja, ni kosa lake yeye. Ulikuwa na umri wa Chiriku, ukilia, akakupeleka ukang'olewa akiamini litaota jingine. Kila ulipopiga mwayo alichungulia. Ndevu zikaota, jino halikuota. Miaka yote ameona haya kukwambia, ndiyo maana kanituma mimi.

Usimfokee, kaka. Amesema nikuandikie hivi hivi: mjukuu wake atatafuna pande zote mbili.

Chiriku anakusalimu na anauliza kama huko unapiga mswaki kabla ya kulala. Mjibu ukweli, ukija atakukagua.

Akupendaye na asiyekuogopa,
Mdogo wako, fundi cherehani