Maji Kwenye Kifua cha Mama

Matinyani, Kitui,
9 Julai 1988.

Mpendwa kaka Nzuki,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Wewe, Kaluki na watoto mko na afya huko Kisumu? Sisi tunapumua vizuri, na safari hii nasema hivyo kwa kweli, kwa sababu Mama naye anapumua.

Unajua figo zake zilivyo dhaifu tangu mwaka juzi. Mwezi wa tano alianza kukohoa, akihema hata akitoka jikoni kwenda nyumba kubwa. Majirani wakanong'ona ni TB, naye akaamini. Akatenga kikombe chake, akaacha kwaya, akakataa kabisa kumpakata Kalunde wangu. Mtoto akimfuata akilia, Mama alifunga mlango. Hilo liliniumiza kuliko kikohozi.

Shemeji yako Mutiso na mimi tukampeleka hospitali ya misheni. Daktari Ahmednur, mtu wa Garissa, mpole sana, alimgongagonga mgongoni kwa vidole, akasikiliza, akabonyeza miguu iliyovimba.

"Mama, ukilala chali unasikiaje?"

"Nazama, daktari. Nalala nimekaa."

Akatueleza kwamba wagonjwa wa figo hushikwa na TB kwa urahisi, kwa hiyo hatabahatisha. Makohozi yakapimwa, hayakuwa na TB. Picha ya kifua ikaonyesha maji pande zote mbili za mapafu. Akavuta kidogo kwa sindano, nayo yakapimwa: hakuna TB. Kumbe figo zikishindwa kutoa maji mwilini, mengine hujaa kifuani.

Alipewa dawa ya kukojoa, na maji na chumvi vikapunguzwa. Tuliporudi hakungoja hata kuvua viatu. Alimwita Kalunde, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Sasa analala kitandani kama watu wengine, ila muthokoi wa mahindi na maharagwe bila chumvi anasema ni chakula cha wafungwa!

Sitakuficha, kaka: figo hazijapona. Huenda siku moja atahitaji ile mashine ya Nairobi ya kusafisha damu. Mama mwenyewe anajua, na amenituma hivi: "Mwambie Nzuki aje sasa, mbaazi zikiwa mbichi, tukae tuzimenye pamoja. Asingoje kuja kunizika."

Mutiso na shangazi Syombua wanakusalimu. Mungu awatunze, awape njia nyeupe ya kuja.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Muthoki